Panya Wangu Wananenepa

Jumatatu, 3 Machi

Panya wananenepa. Hawana kazi. Mimi mtunzaji wao pia! Tangu mashine ya kupima sumu iletwe maabara ya ghorofani, hakuna anayemdunga panya maji ya chaza wa kuliwa kuona kama atakufa. Mashine inachora mistari kwenye skrini, sumu imejulikana, basi. Mtaalamu wa sumu hashuki tena kuchukua panya. Kila asubuhi alikuwa akisimama mlangoni kwangu, anavaa glavu polepole, ananiuliza nimeamkaje. Nimemkumbuka mno. Dada yangu anasema nipande tu nikamsalimie. Mikono mitupu? Bila sababu? Ng'o!

Jumanne, 4 Machi

Nimepanda na panya mnono kifuani, kisingizio kwamba mashine ikizidiwa atasaidia. Nikagongana na mkuu wa maabara ngazini. Kasema chumba changu kitageuzwa stoo. Panya akanikojolea shati. Mtaalamu sikumwona hata kisigino.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango kabambe! Nile chaza waliopitishwa na mashine kuwa salama, kisha nianguke. Mashine ionekane mwongo, panya warudi kazini, naye arudi mlangoni. Dalili nazijua vizuri, nimeziangalia miaka yote. Nikala. Nikaanguka koridoni, nikaburuta miguu, nikatetemesha pua.

Alikuja mbio! Akapiga magoti, akanishika mkono, akaniita kaka. Laiti ningekufa pale pale.

Kisha akawapima chaza waliobaki. Safi kabisa. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kasema mtu mwenye sumu ile huanza kuhisi ganzi midomoni, na kwamba nilichofanya mimi ni dalili za panya. Hasa ile pua.

Ijumaa, 7 Machi

Ameshuka! Bila glavu. Kasema mashine haijui kusalimia, asubuhi zake zimepooza. Kasema anatafutwa mtu wa kupasua chaza na kuwasaga kwa ajili ya mashine, meza iko ubavuni mwa yake, naye keshanitaja kwa mkuu. Nikubali tu kabla ofisi haijafungwa leo.

Nikamwambia leo nimebanwa kidogo. Akasimama, akaangalia vizimba, akapanda zake taratibu.

Si uongo, nimebanwa kweli. Tangu aondoke niko mbele ya kioo, nafanya mazoezi ya ganzi ya midomo. Safari hii akinishika mkono, hatauachia.