Alhamisi Aliyokataliwa Shangazi

Sogeeni, enyi wenye masikio, na aliyebandika maji jikoni akazime moto kwanza! Nawasimulia vita vya shangazi yangu, fundi cherehani, simba jike wa sindano na uzi, aliyebomolewa nyumba na halmashauri bila kuulizwa hata neno moja.

Mahakama ya chini ilimwangusha, ya rufaa ikamwangusha, naye kila mara alijikung'uta vumbi akapanda ngazi iliyofuata. Ya juu kabisa nayo ikayatupa maombi yake, lakini kwa mdomo tu, karatasi hakupewa. Na ng'ambo ya mipaka ilikuwepo Mahakama ya Haki za Binadamu, isiyomfungulia mtu mpaka aonyeshe, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba milango yote ya kwao imefungwa. Mwisho wa kutuma maombi huko kwa posta ulikuwa Ijumaa. Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi.

Tukaivamia masjala ya mahakama yetu ya juu, mimi nimeshika faili kifuani kama ngao. Dirishani aliketi karani, na silaha yake ilitisha kuliko panga: upole.

"Usikate tamaa, mama yangu. Njoo wiki ijayo, tutaangalia."

Shangazi akajinyoosha, akawa mrefu kuliko dirisha.

"Ewe mlinzi wa majalada! Wiki ya kumi na moja hii unanipa matumaini, nimeshiba! Leo nimekuja kukatwa tamaa. Nikatalie, mwanangu! Nikatalie kwa maandishi!"

Foleni nzima ikageuza shingo, karani akashtuka.

"Jamani mama, mbona unajitakia mabaya?"

"Hayo mabaya ndiyo nauli yangu. Hukumu imo humo, rafu ya pili kutoka chini, jalada la kijani lililochanika pembe. Mtoto wa kaka yangu ameliona."

Kweli nililiona. Wiki kumi na moja kwenye benchi lile, ningeangalia nini kingine?

Karani akainama, akalivuta, akapuliza vumbi. Sahihi za majaji zilikuwepo zote. Akainua muhuri, akaugonga: karatasi nyeupe pee.

"Wino umekauka, mama. Umeagizwa tangu mwezi uliopita."

Hapo ndipo shangazi alipochomoa upanga wake mkobani: kichupa cha mafuta ya cherehani. Akakidondoshea kidau cha wino cha karani matone matatu, akakikanda kwa kidole gumba kama anayeamsha mgonjwa. Karani akagonga tena. Twaa! Duara la zambarau likatokea, likang'aa.

Shangazi akapiga kigelegele.

"Umeshinda, dada?" akauliza mzee wa nyuma yetu.

"Nimekataliwa kabisa, kaka! Sina pa kwenda tena nchi hii!"

Foleni ikampigia makofi.

Wengine na waandikiwe miji waliyoteka. Sisi tunaandika kwamba Alhamisi, saa tano na robo asubuhi, shangazi alikataliwa rasmi, na kwa kuwa mafuta hayakauki upesi, alitembea mpaka posta ameibeba hapana yake kwa viganja viwili, akiipulizia.