Chupa Zangu na Maji ya Mto

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeng'oa nanga Tuktoyaktuk, kwetu kaskazini mwa Kanada. Pale bandarini bahari imejaa maji ya mto hata nimeyapikia chai, ikanyweka. Daktari Theriault, mkuu wa safari, ametuita mimi na binamu yangu Darlene. Wachota maji tuko wawili, kasema, lakini safari ya Septemba, ile ya kwenda kwenye barafu kuu, ataenda mmoja. Huyo ni mimi. Darlene bado hajui.

Jumanne, 5 Agosti

Kazi yenyewe: kuchota maji kila kituo, juu mpaka chini, tujue maji ya Mto Mackenzie yanafika wapi. Kuonja hakusaidii, maana barafu ikiyeyuka nayo haina chumvi. Ila mto hubeba chokaa ya milimani, barafu haina. Mashine inapima chokaa. Nimesema maji yetu yanafika mpaka kituo cha mwisho. Darlene kasema huko ni barafu tupu, kinachofika mbali ni mdomo wangu. Haya, tutaona.

Kila chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yale yale yanayochotwa, pale pale kwenye upepo. Vidole vimekufa ganzi. Darlene kamaliza zamani, mimi bado nasuuza.

Jumatano, 6 Agosti

Akili ni mali. Chupa zote nimezisuuza jikoni, kwa maji ya moto ya bomba. Nimeacha kidogo ndani ya kila moja, zisikauke. Tangi la meli tulilijaza mjini Inuvik, maji ya mto wetu wenyewe, safi. Kituo cha mwisho nimemaliza Darlene akiwa chupa ya tatu. Nimemshauri aongeze bidii.

Alhamisi, 7 Agosti

Majibu ya chupa zangu yametangulia. Maji ya mto! Zote! Daktari kanikumbatia. Mpishi kanipa donati mbili na kipande kinono cha ngozi ya nyangumi. Nimemwahidi Darlene picha za Septemba. Kaendelea kuandika lebo za chupa zake. Wivu, jamani.

Ijumaa, 8 Agosti

Daktari kakunja uso. Maji ya mto ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi, sasa yamefikaje mita mia mbili chini? Nikamwambia mto wetu una nguvu. Darlene, bila kuulizwa na mtu, kapeleka birika la maji ya bomba ya jikoni kwenye mashine. Chokaa ile ile. Daktari akataka kujua chupa nilizisuuzia wapi. Nikakohoa sana.

Kinachouma zaidi: chupa za Darlene nazo zimeonyesha maji ya mto, juu kabisa, kituo cha mwisho. Yaani nilisema kweli. Na Septemba kapewa yeye. Nimelia, sifichi.

Jumapili, 7 Septemba

Nimo melini. Mwosha vyombo, lakini nimo. Darlene mwenyewe kaniombea, eti bila mimi atamcheka nani. Nimeguswa. Wema haulipwi kwa maneno matupu.

Nimelitafakari sana kosa langu, na nimelipata: nilisuuza kwa maji ya bomba badala ya maji ya bahari. Basi asubuhi hii, kabla hatujang'oa nanga Tuktoyaktuk, nimechota ndoo mbili za maji ya bahari hapa bandarini nikamsuuzia chupa zake zote. Kila moja nimeiachia kidogo. Binamu yangu vidole vyake havitakufa ganzi.

Yaliyobaki nimepikia chai. Imetoka nzuri kweli.