Ukoka Kwenye Tangi la Daktari wa Meno

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya mwisho ya majani ya plastiki imefika! Mtoto wa mgonjwa mmoja amelitazama tangi la samaki hapa mapokezi, akamuuliza mama yake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwa nini samaki wa daktari wa meno anaishi kwenye maua ya makaburini. Ukumbi mzima ukacheka. Daktari hakucheka.

Akatuita mimi na Dada Glavu. Huyu ni msaidizi wake wa chumba cha kuchemshia vifaa. Jina nimempa mimi, maana glavu hazivui hata akinywa chai. Daktari akasema Jumamosi ya wiki ijayo anakuja mwalimu wake wa chuo, mzee aliyemfundisha kung'oa magego, na anataka amkute samaki wetu kwenye mimea hai. Akauliza nani anaijua mimea ya majini. Nikanyosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Sijawahi kuotesha hata harage kwenye pamba, lakini hilo yeye halijui.

Likaja la pili. Tangi likipendeza, nabaki mapokezi. Likiharibika, mimi na Dada Glavu tunabadilishana. Mimi, kwenye chumba cha kuchemshia! Chumba hakina dirisha. Kina birika kubwa linalofoka mvuke, na makoleo. Hapa nina kiti cha kuzunguka, nina feni, na najua nani mtaani kabakiwa na meno mangapi. Labda nife.

Dada Glavu alitabasamu tu. Tabasamu lile nalijua. Moyoni ameshakikalia kiti changu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempigia simu muuza samaki wa mapambo. Daktari alikuwa anachonga jino la mtu chumba cha pili na mashine inalia kwelikweli, lakini nilisikia vizuri tu. Muuzaji alisema kwa mtu wa aina yangu (alimaanisha nini?) mimea ni miwili. Kuna wenye majani mapana na shina nene linalotambaa. Huo eti kuuua ni kazi. Halafu kuna kuvumwani, ile ya kijani kama sufu inayoota kwenye mawe yenye unyevu. Yote unaifunga juu ya jiwe kwa uzi, unaiacha, basi.

Kuiacha! Ushauri wa wavivu. Nikamuuliza je, nikiwasha taa ya tangi kutwa kucha? Akasema nikifanya hivyo utaota ukoka mpaka nishangae.

Ukoka! Zile nyasi fupi za kukanyaga pekupeku, zimetandikwa chini ya maji! Alisema kwa sauti ya kulalamika, lakini wafanyabiashara hulalamika hata wakisalimia. Nikauliza, na nikitia mbolea? Akasema ndiyo kabisa, utaota mpaka kwenye kioo. Nikamshukuru nikakata simu kabla hajabadili mawazo.

Mimea imeletwa mchana. Ule wa shina nene nimeuzika mchangani mpaka shingoni. Kuuweka juu ya jiwe ni kuudhalilisha, utadhani nguo iliyoanikwa. Kuvumwani nimeibandika kwa saruji ya kuzibia meno. Kama inashika gego, itashindwaje na jani? Kipande kilichodondoka Dada Glavu amekiokota, akakifunga kwenye kokoto kwa uzi wa kusafishia meno, akakitia kwenye chupa ya jamu kule kwake. Nimemhurumia.

Jumatatu, 11 Agosti

Taa haijazimwa tangu wiki iliyopita. Nimeongeza ile ya kumulikia vinywa, ambayo Daktari anaitafuta. Mbolea nimechukua ya bustani ya shangazi, ninayeishi kwake. Aliniuliza inakwenda wapi. Nikasema kazini. Akasema, kumbe siku hizi meno mnayapanda.

Leo asubuhi nimefungua kliniki na nini? Kijani! Juu ya mawe, juu ya mchanga, mpaka kwenye kioo, kama alivyosema mtaalamu. Laini. Inateleza. Ukoka mchanga kabisa! Nikacheza peke yangu mpaka nikaangusha kalenda. Mmea wa shina nene umekuwa wa kahawia na una harufu, lakini huo sasa tuuhesabu kama samadi.

Nimeanza kuwatangazia wagonjwa. Kila anayeingia namwambia karibu, hapa kwetu tunaotesha ukoka. Ajabu ni kwamba wanakumbuka ghafla kuwa wana shughuli. Mama mmoja aliniuliza kama Daktari anajua. Nikamwambia ndiye aliyeagiza! Akamshika mwanawe mkono, wakatoka nusura wang'oe mlango. Watu hawapendi maendeleo.

Alhamisi, 14 Agosti

Ukoka umezidi bidii. Sasa na maji yenyewe ni ya kijani. Samaki wetu mnene namwita Mheshimiwa, kwa kuwa kutwa anafungua kinywa na hasemi kitu. Tangu jana simwoni, ila akija juu kuhema. Anahema vibaya. Nilimsemesha kidogo wakati wa chai, nikamwambia avumilie mpaka Jumamosi. Iliniuma, nasema kweli. Yeye peke yake ndiye ambaye hajawahi kuniambia nishushe sauti.

Mpango wa dharura. Nilipochungulia chupa ya jamu ya Dada Glavu niliona kitu cha kunikera: kokoto lake limevaa kuvumwani ya kijani safi, maji meupe, uzi hauonekani. Alipotoka kwenda kula nikaliiba. Nikalitia kwenye tangi, mbele kabisa, mahali pa heshima.

Likatoweka. Nilisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Sikuona kokoto, sikuona kuvumwani, sikuona Mheshimiwa. Nimeiba kitu nikakipoteza ndani ya sanduku la kioo.

Dada Glavu aliporudi alitazama chupa yake, akatazama mkono wangu uliolowa mpaka kiwiko, akaniuliza kama nimekuwa nikinawa. Nikasema usafi kwanza. Akasema naam, kaka, unaonekana tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Wageni wengine hawajui kusikiliza. Naandika haya nikiwa na hasira, kwa hiyo yote ni kweli.

Mwalimu wa Daktari alifika, mzee mfupi mwenye meno yake yote, jambo la kuheshimiwa. Ukumbi ulikuwa umejaa. Akasimama mbele ya tangi akauliza kwa upole hiki ni nini. Daktari alisawijika. Nikaona nimwokoe. Nikasimama wima nikatangaza kwamba huu ni ukoka, mzee, na Daktari mwenyewe ndiye ameniagiza niuoteshe.

Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akasema yeye alimfundisha Daktari namna ya kuondoa ukoga. Hakujua kwamba tangu ahitimu ameanza kuufuga.

Ukoga! Ule utando wa meno yasiyopigwa mswaki! Wagonjwa walicheka mpaka waliovimba mashavu wakalia kwa maumivu. Nikasahihisha kwa heshima zote, nikasema si ukoga, ni ukoka, ukoka, ka kama kaka. Mzee akavuta mkono wa koti, akapitisha kidole ndani ya kioo, akanionyesha. Akasema hapana kijana wangu, huu ni ukoga, ndugu wa ule wa mdomoni, tofauti yao ni rangi tu, na kuna vinywa amewahi kuona ambavyo hata rangi ni hiyohiyo.

Hapo ndipo Daktari alipoelewa kwa nini wiki nzima wagonjwa wamekuwa wakikimbia. Alikuwa akiwaza labda ni bei.

Mheshimiwa alikuja juu kwa ubavu. Dada Glavu hakungoja mtu, alimchota kwa glavu zake hizohizo akamtia kwenye beseni la maji masafi. Nilidhani amekufa. Niliogopa sana, zaidi ya nilivyoogopa kufukuzwa. Kisha akafungua kinywa, akafunga, hakusema kitu. Nikapumua.

Mgeni alipoondoka Daktari hakugomba. Alininyoshea kidole, akakigeuza kuelekea chumba cha kuchemshia. Nikauliza nianze lini. Akauliza taa yake iko wapi.

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya tatu kwenye mvuke. Nywele zangu zimenyooka, shati limejikunja. Makoleo yananitazama.

Tangi la mapokezi sasa ni la kujionyesha. Maji kama hayapo. Kuvumwani imekumbatia mawe, mmea mpya wa shina nene umekaa juu ya jiwe lake bila kuzikwa, taa inazimwa mchana unapoisha. Mheshimiwa anapita katikati yake kama mwenye nyumba. Wagonjwa wanafika mapema ili wakae karibu. Na Dada Glavu yuko kwenye kiti changu, hata hakizungushi! Nilimuuliza siri yake. Akasema eti alimpigia muuza samaki, akamsikiliza, na asiposikia vizuri akamwomba arudie. Hivyo ndivyo watu wanavyoficha siri zao.

Lakini nimewaza. Humu ndani kuna joto, kuna unyevu, nafasi tele juu ya kabati, na hakuna bosi anayechungulia. Kwa nini nihangaike na tangi moja wakati naweza kuotesha kuvumwani ya mji mzima? Daktari atakuja mwenyewe kuniomba nirudi mapokezi. Nitamwambia afanye miadi.

Nimempigia muuzaji leo mchana. Birika lilikuwa linafoka, lakini nilimsikia vizuri tu. Nikamweleza joto lilivyo, nikauliza mmea ukikaa humu itakuwaje. Akanijibu hivi hivi: "Utauza wote, tena upesi." Nikafurahi nikamwomba alete mzigo mkubwa. Akarudia kwa kelele, utauza, utauza wote! Hata yeye alikuwa amepandwa na msisimko.

Nimemsimulia shangazi mezani. Ameuliza kama nina hakika mtu yule hakusema utaoza.

Wivu, mpaka ndani ya ukoo! Mzigo unafika kesho.