Vitufe vya Kushoto na Posa ya Afriyie

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Kwankyen, ramani ya kwenye simu, Accra.

Salamu kwako, kwa wenzako wa ofisini na kwa yule aliyeweka vitufe vya kukuza ramani upande wa kushoto wa simu. Huyo wa mwisho nampa nusu salamu. Nusu iliyobaki ataipata akinijibu.

Mimi ni Yaw Amponsem, dereva wa teksi hapa Kumasi. Hadi Jumapili nilikuwa pia mchumba wa Afriyie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku hiyo nilikwenda na wazee wangu kubisha hodi ya posa kwa kina Afriyie, na chupa mbili za jini. Mjomba wake, Wofa Nsiah, ambaye bila kauli yake hakuna ndoa, akauliza, "Kijana, kwenu hasa ni wapi?" Nikatoa simu nimwonyeshe. Niliishika kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote. Lakini vitufe viko kushoto! Kidole gumba cha kushoto kikanyanyuka, kikabonyeza, na kijiji cha baba yangu kikajitokeza mbele ya kadamnasi. Nanyi mnajua, au labda mmesahau mlikolelewa, kwamba mtu haonyeshi kwa baba yake kwa mkono wa kushoto. Baba yangu akakohoa. Wofa akasema, "Anayeonyesha kwao kwa kushoto, mpwa wangu si atamlisha kwa mguu?" Jini nikarudi nayo.

2. Kabla ya kufukuzwa nilijaribu kuwatetea. Nikaigeuza simu juu chini ili vitufe vije kulia. Wofa akakodoa macho: "Kumbe kwenu watu hutembelea vichwa!" Mashangazi wakacheka mpaka vilemba vikawadondoka. Nikaihamishia simu mkono wa kushoto ili nibonyeze kwa kulia, nikajikuta namkabidhi mzee simu kwa kushoto. Hapo hata Afriyie alifunika uso. Inaniuma, Mheshimiwa. Nampenda yule binti.

3. Sasa piga hesabu ya nchi nzima. Ikiwa kila mwenye simu anawanyooshea mababu zake mkono wa kushoto, tunashangaa nini mvua ikichelewa na timu yetu ikifungwa nyumbani?

4. Basi nawaomba mvihamishe vitufe. Ikiwa ni vigumu, kikuzeni kijiji chetu kiwe kama Kumasi, kionekane bila kubonyezwa. Nafasi ipo, ila msiguse shamba la kakao la mama. Na hilo likiwashinda, njooni wenyewe kwa Wofa na kondoo dume mnono, mmkabidhi kwa mkono wa kulia na mkiri kwamba kosa ni lenu.

Wasalimieni wote hapo, hata mlinzi wa getini.

Wenu, mwenye kushika kalamu kwa mkono wa kulia,
Yaw Amponsem

Nyongeza: Afriyie ameisoma barua hii kabla sijaituma. Amechukua simu, akakigandamiza kitufe kimoja, akavivuta vyote hadi kulia, vikatulia. Kisha akaniuliza, "Yaw, nani alivipeleka kushoto?" Nimekumbuka. Ni mimi, kwa sababu mchana hula banku, ule ugali wetu wa mahindi na muhogo, kwenye foleni, na mkono wa kulia huwa umejaa mchuzi. Kwa hiyo yafuteni yote, isipokuwa la kondoo. Wofa ameshaambiwa mnakuja. Amesema akishamla atanisikiliza, na tangu asubuhi ananoa kisu.