Jinsi Mahfudha wa Kibokoni Alivyokishinda Kitabu Kisicho na Maneno

Kaeni kitako, enyi watu wa kisiwa, mlio juu ya mabaraza na mlio nyuma ya mapazia mkijidai hamsikilizi! Leteni wino, karatasi wacheni, zimekwisha zote kufungiwa njugu. Nyamazisheni watoto, teremsheni birika, kwani hapa zasimuliwa habari za vita ambavyo havikumwaga damu ila kahawa, na za shujaa ambaye hakupanda farasi wala hakuchomoa jambia, bali alikalia kiti cha enzi alichorithi kwa bibiye, akafungua kitabu.

Shujaa huyo ni Mahfudha binti Kamaludin, simba jike wa mtaa wa Kibokoni, Mombasa, mfyekaji wa waandishi, kadhi wa vitabu asiyeteuliwa na mtu, mwanamke ambaye chuo cha Kurani kilimpa herufi, shule ikamvumilia miaka michache kisha ikamchoka, na elimu iliyosalia akaiokota dirishani. Kila alasiri, baada ya swala, wanawake wa mtaa walipanda ngazi zake za mbao, wakaacha viatu chini mpaka ukumbi ukafanana na duka la viatu la Biashara Street mkesha wa Idi, wakamiminiwa kahawa ya tangawizi, wakapitishiwa sahani ya kaimati, wakangoja hukumu. Kwani kila kilichochapwa kikamfikia Mahfudha alikihukumu, na hukumu yake haikuwa na rufaa, kwa sababu kaimati zilikuwa zake.

Ulimwengu wa vitabu ulimtetemekea. Aliletewa kitabu cha watoto chenye picha za kiboko aliyepotea, anazunguka msituni akitafuta rafiki. Alikifunga kabla kiboko hajafika mtoni, akanena: "Kiboko mzima hana mama, hana shangazi, hana hata jirani wa kumwuliza 'wewe u mwana wa nani?' Aliyeandika haya alikaa chumba cha kupanga, peke yake, na majirani hawampendi." Aliletewa kitabu cha mapishi ya Kizungu, kurasa zang'ara kama kioo. Akakipekua mwanzo hata mwisho akitafuta nazi, asiione, akakisukumiza chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba, na huko ndiko kilikoanza kuwafaa watu. Riwaya ya upelelezi, nene kama tofali, aliisoma ukurasa wa mwisho kwanza, akawatangazia wote kuwa muuaji ni daktari, kisha akamlaumu mwandishi kwamba hajui kuficha siri. Riwaya za mapenzi alizisifu kwa mafunzo yake, na hazikurudi tena kwa wenyewe. Ama katuni, hizo alizikemea kuwa hazina adabu, na ili kuwa na hakika alizisoma mara mbili mbili.

Basi ikawa, mwaka ule uliotangulia mvua kubwa ya El Nino, mpwawe Abdulbasit alirudi kutoka Maskati na sanduku la halua, na kati ya halua na halua, kitabu. Kilikuwa kikubwa kama sinia, kimejaa vidirisha vya michoro ukurasa baada ya ukurasa, hadithi nzima ya watu wazima isiyo na neno hata moja. Naye Abdulbasit, kwa ile tabia tuliyotiwa sote shuleni ya kukivika kitabu gazeti kisichafuke, alikuwa amekifunika gubigubi. Na gazeti alilolipata huko lilikuwa la Kiarabu.

Mahfudha akaona maandishi, akapiga bismillahi, akakifungua kama alivyofundishwa chuoni kufungua kila kitabu cha Kiarabu: kuanzia kulia.

Alasiri ile nyumba ilifurika. Mahfudha alikiinua juu ya kichwa kama bendera ya jeshi, akawasomea picha. "Tizameni! Bibi kizee, peke yake, dirishani, nyumba tupu. Haya, nafungua. Mlango huo! Mtoto wa kiume na begi lake, wanakumbatiana na mamake. Amerudi!" Akafungua tena, na binti akarudi, akafungua, na wa tatu akarudi, vyumba vikajaa, sufuria zikaongezeka jikoni.

"Ngoja kwanza," akasema Dama, muuza maembe wa Marikiti, rafiki wa nyumba ile tangu zamani, ambaye alipita kila jioni kupumzisha mgongo. "Mbona huyo mama mvi zinamwondoka?"

"Ni furaha, Dama. Furaha humpunguzia mtu miaka."

"Na hao watoto mbona wanakuwa wadogo?"

"Hao ni wajukuu! Kwani wewe wataka watu warudi mikono mitupu?"

Dama akatia kaimati mdomoni. Mahfudha akazisukuma mbele kurasa zilizosalia kama jemadari asukumaye askari waliochoka, hata akafika mwisho: arusi, ngoma, watu hata juu ya paa. Akakifunga kitabu na kutoa hukumu: katika vyote vilivyopata kupanda ngazi zile, hiki ndicho bora, maana ndicho pekee kijuacho kuwa nyumba ni watu.

Hapo kona ya chumba mtu alijifuta macho kwa pembe ya leso. Alikuwa Bi Fadhiya, wa nyumba ya kuvuka kichochoro, aliyezaa wanne na wote wakaenda, huyu Jeda, yule Dubai, wawili Kanada, wakamwachia vyumba vilivyofungwa na dirisha. Kwa kawaida Bi Fadhiya hulala tangu kikombe cha kwanza. Siku ile alikuwa macho, akataka arudishiwe mlango wa yule mtoto wa kwanza. Na kesho yake asubuhi mtaa mzima ukaona ajabu: juu ya sakafu ya paa lake, magodoro manne yameanikwa juani.

Lakini ni ushindi gani usio na hasidi? Huko mtaa wa Kuze alikaa Mwanakuu, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, bingwa wa chaki, naye pia alikuwa na baraza lake la alasiri, lenye viti vya plastiki vilivyo safi, biskuti kavu, na nafasi tele ya kukaa. Sifa za kitabu zilimfikia kabla ya magharibi. Alasiri ya pili akajifunga buibui, akavuka mtaa, akapanda ngazi.

"Hodi hodi! Masalkheri, Bi Mahfudha. Nyumba imejaa, mashallah. Nimesikia mna kitabu."

"Masalkheri, Bi Mwanakuu. Karibu, jisogeze. Kitabu tunacho, na kahawa i moto."

Mwanakuu hakugusa kahawa. Alikipokea kitabu, akakigeuza, akakinusa kama samaki wa juzi, kisha kwa vidole viwili akakivua gazeti lake mbele ya kadamnasi, kama avuliwavyo deraya askari aliyeshindwa. Chini yake, lo! jina limeandikwa kwa herufi za Kizungu, na jalada la mbele liko upande wa kushoto.

"Mwenzangu," akasema kwa upole unaochinja, "kitabu hiki umekisoma kinyume." Akaanza kushoto. Arusi. Watoto wachanga. Watoto wakakua, mvi zikaingia. Wa kwanza akashika begi, akakumbatiwa mlangoni, akaenda. Binti akaenda. Wa tatu akaenda. Ukurasa wa mwisho: bibi kizee, dirisha, nyumba tupu. "Mwisho," akasema Mwanakuu, na kitabu kikafungika *pap*.

"Ndiyo maana!" akapiga kelele Dama. "Nami nikafikiri ndiyo Uzungu!"

"Miaka yote hii," Mwanakuu akaendelea, akiinuka kwa fahari, "mwahukumiwa vitabu na kadhi asiyejua kitabu chaanzia wapi. Kesho, kina mama, alasiri ni kwangu Kuze. Viti vipo."

Mikono ikaanza kupapasa mabuibui. Mahfudha binti Kamaludin alijua Mwanakuu amesema kweli. Zile mvi aliziona mwenyewe zikiondoka, na alizitafutia sababu kwa kuwa kurudia kitabu mbele za watu ni aibu. Aliona ngazi zake bila miguu, birika lake likipoa, kiti chake cha enzi kikiwa kiti tu. Kisha akamwona Bi Fadhiya, ambaye hakutazama kitabu wala Mwanakuu. Alitazama nje, kule juu yalikoanikwa magodoro.

Hapo simba jike akasimama.

"Mwanakuu! Umesema kweli, na kweli yako ubaki nayo, uifunge na biskuti zako. Aliyechora alianza kushoto, nakubali mbele ya mashahidi hawa. Lakini yuko wapi? Amepanda ngazi hizi? Amekunywa kahawa yetu? Angetaka tumfuate angeandika neno, hata moja tu, 'kwaheri'. Hakuandika! Amenyamaza, na anyamazaye amewaachia wenye nyumba waseme. Na mgeni aingiapo hapa hufuata ada ya hapa, naye kitabu ni mgeni. Lakini mimi sitahukumu, wala wewe hutahukumu. Bi Fadhiya, mamangu, wewe ndiwe ukaaye dirishani. Sema."

Bi Fadhiya akageuka polepole. "Huo wa kushoto, wanangu, naujua. Nimeuona kwa macho yangu, hauna haja ya kuchorwa." Akavuta leso mabegani. "Nisomeeni huu wa kulia. Nami magodoro nshayaanika."

Hakuna mzinga ulionguruma, kwa kuwa hakukuwa na mzinga. Lakini mabuibui yakaachiwa, makalio yakarudi mkekani, na sahani ya kaimati ikazunguka upya kama mwezi ulioandama. Mwanakuu alisimama kidogo, akatazama mlango, akatazama sahani. Kisha akaketi. Akaliokota lile gazeti la Kiarabu, akalinyoosha juu ya goti, akakivika kitabu tena, akikunja pembe kwa ustadi wa mtu aliyefunika vitabu vya watoto wa mji mzima, akamkabidhi Mahfudha kwa mkono wa kulia.

Na andikeni, enyi wenye wino, katika historia za miji mikuu, baina ya kuanguka kwa ngome na kutawazwa kwa masultani: kwamba katika Kibokoni ya Mombasa mwanamke mmoja alishindwa kwa hoja, akabaki na kiti chake cha enzi, na nyumba yake haikupungua mtu. Hukumu ilitolewa upya kabla ya adhana ya magharibi, nayo haijabatilishwa hata leo: mchoraji ana mkono mzuri, masikini, ila hadithi aliianzia mwisho.