Mungu Aliyezaliwa Jumanne

Totaram Khare alijua riziki imemjia siku ile Seth Bhagirath alipompapasa kiunoni mwanamke wa jiwe.

Watu wengine wakipanda ngomeni kwetu Chanderi huja kutazama. Seth Bhagirath Sahu, tajiri mwenye hoteli mpya karibu na stendi ya mabasi, alikuja kupima. Alizunguka magofu kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, akabonyeza hapa, akagonga pale. Totaram, aliyekuwa akimtembeza huku akimsimulia habari za wafalme ambao hakuna mama aliyewahi kuwazaa, akanyamaza ghafla. Hiyo haikuwa kawaida yake.

"Tota," Seth akanong'ona, "sanamu hizi huwa hazing'oki?"

"Sethji, toba! Mali ya serikali hiyo. Ukikutwa na kidole tu cha sanamu ya kale, jela."

"Najua. Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu." Totaram akakohoa kidogo. "Ila kuna zile ambazo serikali yenyewe haizijui..."

Hapo msomaji aelewe anashughulika na mtu wa aina gani. Mjini kwetu kuna lango refu la kifalme ambalo nyuma yake hakuna kasri, ni nyasi tu. Totaram, asiye na kibali wala beji ya kutembeza wageni, aliwahi kuwatoza watu kiingilio cha hilo kasri. Walipouliza liko wapi, akawajibu kwa huzuni kwamba limefungwa kwa matengenezo.

Mpango wake haukuwa na tundu. Sheria inakataza kuuza vitu vya kale. Basi anayeuziwa cha bandia atamshtaki wapi? Atakwenda polisi aseme, "Nilitaka kuiba, nikaibiwa"? Totaram aliipenda sana sheria hiyo. Aliiona imetungwa na mtu mwenye huruma kwa matapeli.

Kasoro ilikuwa mtaji. Mchongaji mzuri hafanyi kazi kwa maneno matamu, na maneno matamu ndiyo pekee aliyokuwa nayo Totaram, ukiacha pikipiki aliyoipenda kuliko roho yake. Kwa hiyo siku moja mkewe alipokwenda sokoni, alifungua sanduku la bati, akatoa bangili mbili za dhahabu alizopewa mke huyo na marehemu mama yake, akaziweka rehani kwa sonara. Alijiapia zitarudi kabla ya sikukuu ya Karva. Siku hiyo wake zetu hawali wala hawanywi mpaka mwezi utoke, wakiwaombea waume zao maisha marefu, na kila mke huvaa alichonacho chote. Mkewe, Mama Guddi, angefungua sanduku akute patupu, maisha marefu ya Totaram yangekuwa mashakani hata kabla mwezi haujatoka.

Mchongaji alimtengenezea mungu wa kike mwenye uso mpole na mikono miwili iliyoinuliwa. Totaram akampaka samadi, akamwogesha maziwa ya mgando na maji ya chai, akamvunja ncha ya pua kwa heshima zote, kisha akamzika kando ya kisima cha kale cha ngazi, kile kilicho nyuma ya hoteli ya Seth. Mvua za mwisho zikamalizia kazi.

Jumanne alfajiri, siku mbili kabla ya Karva, yeye na Seth walikwenda kuchimba.

"Babu yangu aliniambia kabla ya kukata roho," alisema Totaram, machozi yakimlengalenga. "Maadui walipoingia mjini, makuhani walimficha mungu wao hapa. Sijamwambia mtu, Sethji. Hata mke wangu."

"Mke ndiye wa kwanza kutoambiwa," Seth alijibu, akainama na jembe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hata akiwa na kitambi kama chake.

Pua iliyovunjika ikatokeza udongoni. Seth akapiga magoti, akaifuta kwa kidole, akakilamba, akatazama kwa muda mrefu sana. Kisha Seth akatoa bahasha kifuani, akamkabidhi bila hata kubishania bei. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Totaram alikuwa na furaha, na furaha na akili hazilali kitanda kimoja.

Kabla hawajamwinua, ukelele ukapasua asubuhi. Alikuwa bibi kizee Phulmati, aliyekuja na mbuzi wake.

"Mata! Mata ametoka ardhini! Jamani, Mama mwenyewe!"

Wala hakungoja kuulizwa. Alikimbilia kwake, akarudi na unga mwekundu, akampaka Mata kwenye paji la uso, na kwetu jiwe likishapakwa hivyo huligusi tena kwa mambo ya kidunia. Watu wakafurika. Na aliyelia kwa sauti kuliko wote, aliyejibwaga chini mbele ya wote, alikuwa Seth Bhagirath.

"Nilimwota!" alipaza sauti. "Aliniambia, Bhagirath, njoo unitoe!"

Totaram aliondoka akibana kicheko. Seth kapoteza pesa, kapoteza na sanamu! Wajinga ndio waliwao, alijisemea, akaenda zake kwa sonara. Akamkuta kafunga duka kwenda harusini mpaka kesho yake. Si neno.

Kesho yake alipitia kisimani kuonja ushindi, akasikia gari la Idara ya Mambo ya Kale likipiga honi. Ofisa akachuchumaa, akamtazama Mata huku na huku, akainuka akikung'uta suruali.

"Jiwe jipya hili. Halina hata mwaka. Serikali haihusiki nalo, endeleeni na ibada yenu."

"Mmesikia?" Bibi Phulmati alipiga yowe la furaha. "Serikali imethibitisha! Amezaliwa jana, Jumanne!"

Umati ukashangilia. Totaram akapumua, akaenda akakomboa bangili, na jioni mkewe alipokuwa akichota maji akazirudisha sandukuni, chini ya sari ya harusi. Alijisikia mtu mwema. Ni hisia aliyoipata mara chache, akaifurahia.

Asubuhi ya Karva aliamshwa na vigelegele.

"Baba Guddi! Zimerudi! Bangili za mama zimerudi!"

"Zilikuwa zimekwenda wapi?" aliuliza Totaram, uso mkavu.

"Zilipotea! Juzi nilitaka kuzisugua, sikuzikuta. Nilipekua nyumba nzima. Nikaogopa kukwambia, ungesema mimi mzembe. Nikalia, nikaenda kisimani kwa Mata. Nikamwekea nadhiri: Mama, zirudishe nyumbani, nami nitakuvika wewe mwenyewe kwa mkono wangu."

Totaram aliketi kitandani.

"Moja, au?"

"Zote mbili. Ana mikono miwili."

"Mama Guddi, hebu tulia. Huenda hazikupotea. Huenda zilikuwa humo humo."

"Nilitoa kila kitu, nikakung'uta sanduku. Unajua zilikokuwa wewe?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake la kweli lingemtoa nyumbani na nguo alizovaa tu. Totaram akatikisa kichwa.

Kisimani palishafungwa turubai, kuna nazi, kuna maua, kuna sanduku la sadaka lenye kufuli, na funguo shingoni mwa Seth Bhagirath, mlezi wa hekalu. Mama Guddi akazibusu bangili za mama yake, akamvika Mata, moja huku, moja kule. Akalia, na Totaram naye akalia. Waliokuwepo walisema hawajapata kuona mume mcha Mungu namna ile.

Seth akamvuta pembeni.

"Mchongaji wako fundi," alinong'ona. "Ila kwapani ameacha alama za patasi. Na mwambie siku nyingine apunguze majani ya chai, niliyaonja."

"Ulijua? Na ukalipa?"

"Ya kweli ningeifanyia nini, kaka? Ya kweli serikali ingeichukua siku ile ile. Ya kwako hakuna wa kuninyang'anya." Akampigapiga begani. "Wageni wako uwe unawapitisha hapa. Wavue viatu."

Jioni, mwezi ulipochomoza juu ya ngome, Mama Guddi alimtazama mumewe kupitia chekecheo kama ilivyo desturi, akanywa maji mkononi mwake. Mikono yake ilikuwa na bangili za kioo tu, lakini uso ulikuwa unang'aa.

"Mata huyu anajibu haraka," alisema. "Kwa hiyo leo nimemwekea nadhiri ya pili."

"Ya nini tena?" aliuliza Totaram.

"Nimemwomba akuponye huo uongo wako. Siku ile utakapoacha kabisa, nimemwahidi pikipiki yako."

Mimi sijui kama alikuwa anatabasamu, alikuwa amejikinga uso kwa chekecheo. Ninachojua ni kwamba miaka imepita, pikipiki bado ni ya Totaram, na mjini kote hakuna mtu anayechunga ulimi wake kwa uangalifu kama yeye, usije ukateleza ukasema kweli.