Masikio Kumi na Matatu ya Kusikiliza Nyota

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Bodi, mke mheshimiwa wa Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wakurugenzi mliopo, mlio njiani na mliotuma udhuru, watafiti, mafundi, mlinzi wa geti, na ninyi wananchi mliosimama juani tangu saa mbili asubuhi kwa ajili ya kunipokea mimi: hamjambo! (Hatujambo!) Sijasikia! (Hatujambo, njaa tu!)

Tumeombwa tuzime simu, dishi hili kubwa la kunasa mawimbi ya anga lisije likazisikia hizo badala ya nyota, na kama kiongozi mtiifu nimezima zangu zote isipokuwa hii moja. (Inalia.)

Ndugu zangu, kwa miaka kumi na minane dishi letu limekuwa na sikio moja tu, yaani linasikiliza mawimbi kutoka kipande kimoja cha anga, linasogea kidogo, linasikiliza tena, kwa kasi ambayo ofisi yangu, kwa kuzingatia viashiria vya utendaji, imeiona kuwa ni aibu. (Makofi ya maafisa.) Mama Nyota pale nyuma, anayechora ramani ya anga yote, alituandikia barua arobaini na moja kwamba kazi iliyobaki ni ya miaka kumi na miwili, naye anastaafu baada ya miwili. Mama, simama wakuone. (Makofi ya kweli, marefu.) Inatosha, kaa.

Ndipo mimi, bila kushauriwa na mtu, nikabuni mkakati jumuishi wa kipokezi chenye masikio kumi na matatu, kinachosikiliza vipande kumi na vitatu kwa mpigo mmoja, na hivyo kuongeza kasi mara kumi na tatu, na ukijumlisha ari yangu binafsi, mara ishirini. (Vigelegele.) Vuteni kitambaa! (Koni kumi na tatu za bati zinang'aa juani.)

Naona mama ana swali. ("Mheshimiwa, mbona sioni waya hata mmoja?") Hiyo ni awamu ya pili, tusikwamishane. ("Na hii harufu ya mafuta ya taa?") Hiyo, mama yangu, ni harufu ya maendeleo! (Kicheko.)

Isitoshe, kwa kasi hii mpya, miaka kumi na miwili imebaki miezi michache, ambayo sisi maofisini huiita likizo. Kwa hiyo ripoti ya kukamilika kwa kazi nimeisaini jana, na Mama Nyota hana haja ya kusubiri: anastaafu Ijumaa hii. ("Na ramani yangu, Mheshimiwa? Imebaki karibu nusu!") Tutaitia fremu, mama. Itapendeza ofisini kwangu.

Anga yetu! (Fahari yetu!) Masikio mangapi? (Kumi na matatu!) Yanasikia nini? (Kimya.)

Nimalizie kwa kumshukuru fundi bati wa sokoni, aliyetuazima kwa moyo mkunjufu faneli kumi na tatu alizoletewa azizibe matundu. Zitarudi kabla ya saa kumi, fundi, wauza mafuta ya taa wasikusumbue. Na wewe Mama Nyota, kwa kuwa hadi Ijumaa bado ni mtumishi wetu, msaidie kuzipakia.